Ziwa Lenye Mtunzi: Matembezi ya Oktoba Kandokando ya Tarn Hows

Baina ya vijiji vya Coniston na Hawkshead, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, lipo ziwa dogo la mlimani liitwalo Tarn Hows. Kimo chake hakifiki mita 200 juu ya usawa wa bahari, na njia inayolizunguka ni ya karibu kilomita tatu tu. Mtu asiye na haraka huimaliza kwa saa moja na ushei. Neno tarn lenyewe halikuzaliwa London wala Oxford. Lililetwa na walowezi kutoka Skandinavia miaka elfu moja na zaidi iliyopita, na maana yake katika milima ile ni ziwa dogo la juu mlimani. Huu ni mfano wa awali kabisa wa jambo litakaloshughulikiwa katika makala haya: kinachoonekana kuwa cha wenyeji tangu na tangu aghalabu kina siku kilipofika na mtu aliyekileta.

Mtembezi anayezungumziwa hapa ni msomi wa Kiswahili, mzaliwa wa Afrika ya Mashariki, aliyepanda kwa miguu kutoka Hawkshead mwishoni mwa Oktoba, akiwa amevaa viatu visivyofaa na koti la kuazima. Hakwenda kufanya utafiti. Alikwenda kwa sababu alikuwa na siku moja ya mapumziko, na kwa sababu tangu utotoni alikuwa amesikia habari za maziwa hayo bila ya kuyaona.

Tatizo la kwanza lililomkabili lilikuwa la msamiati. Majira yale aliyokuwa akitembea ndani yake yaitweje kwa Kiswahili? Wafasiri wengi hutumia vuli, na hesabu ya miezi inaafiki, maana vuli ni miezi ya Oktoba hadi Disemba. Lakini vuli ya Mswahili ni mvua. Ni wakati ambapo udongo uliokakamaa hulainika, jembe hutolewa uvunguni, na mbuyu uliosimama uchi miezi mingi huanza kuchipua. Kule milimani, katika miezi hiyo hiyo, mavuno yamekwisha, siku zimefupika, na kila kinachoota kinajiandaa kulala. Mfasiri aandikapo vuli amepata tarehe na kupoteza maana. Msomaji wake wa Taita au Tanga ataona mbegu pale mtunzi alipoona kifo. Kipupwe nacho kina baridi, lakini ni cha Juni hadi Agosti. Demani ni utulivu wa mwisho wa kusi, nayo ni mali ya mabaharia. Si kwamba lugha imepungukiwa. Jambo lenyewe halimo katika hewa ya pwani, na lugha haina deni la kulitaja jambo isilolijua. Mtembezi aliridhika mwishowe na maelezo badala ya jina: majira ya majani kupukutika. Kitenzi hicho angalau ni cha nyumbani, kwa sababu mbuyu nao hupukutika. Ila mbuyu hupukutisha majani kwa kukosa maji, ilhali miti ya kule hupukutisha majani ikiwa imesimama ndani ya maji hadi magotini.

Upande wa mashariki wa ziwa njia hupita chini ya miti mirefu. Mingi ni ya jamii ya msonobari, isiyobadilika rangi. Lakini katikati yake imesimama lachi, mti wenye tabia ya kipekee: ni jamaa wa msonobari, una majani membamba kama sindano, ila haufuati desturi ya ndugu zake ya kubaki kijani mwaka mzima. Oktoba inapoelekea ukingoni, sindano hizo hugeuka zikawa rangi ya bizari, kisha zikaanza kudondoka moja moja, hata njia ikafunikwa na zulia la manjano lisilotoa sauti chini ya nyayo. Juu ya vilima makangaga yalikuwa yamenyauka yakapata rangi ya kutu. Ng'ambo ya maji mlima Wetherlam ulijitokeza na kufichika kadiri ukungu ulivyotaka, na vilele vya Langdale Pikes vilikaa upande wa kaskazini-magharibi kama watu wawili walioacha mazungumzo yao mgeni alipoingia. Manyunyu hayakukoma. Ziwa lilikuwa na visiwa vidogo vyenye miti, kila kisiwa mahali pake hasa, kana kwamba aliyevipanga alikuwa na jicho la mchoraji.

Mtembezi alisimama. Alijisikia amefika mahali alipopajua. Katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, na kwa miaka mingi baadaye, wanafunzi walikaririshwa shairi la William Wordsworth kuhusu maua ya manjano kandokando ya ziwa. Wengi wao hawakuwa wamepata kuliona ua hilo hata kwa picha. Shairi lilichapishwa mwaka 1807, nalo lilitokana na matembezi ya tarehe 15 Aprili 1802 kandokando ya ziwa la Ullswater. Aliyeandika kwanza habari za maua yale hakuwa mshairi bali dada yake, Dorothy, katika shajara yake. Shairi lilikuja kiasi cha miaka miwili baada ya tukio. Wordsworth alisoma shule pale Hawkshead, kuanzia 1779 hadi 1787, na vilima hivi vilikuwa viwanja vya michezo yake. Ilikuwa rahisi basi kwa mtembezi kuamini kwamba alichokuwa akikitazama ndicho alichokitazama mvulana yule, na kwamba hatimaye, akiwa mtu mzima mwenye shahada, alikuwa amelipwa deni la maua aliyoyakariri bila kuyaona.

Hapana budi kusema wazi kwamba imani hiyo si sahihi. Wordsworth alifariki mwaka 1850 bila ya kuliona ziwa hili, kwa sababu halikuwapo. Mahali pake palikuwa na viziwa vitatu vidogo, vya chini, vya kati na vya juu, katikati ya bwawa la matope na malisho. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ardhi ya pamoja ya parokia ya Hawkshead, ambamo wenyeji walikuwa na haki ya kuchunga. Mwaka 1862 sheria ya kuzigawa na kuzizungushia ua ardhi za namna hiyo iliiweka yote mikononi mwa James Garth Marshall, mwenye jumba la Monk Coniston na mbunge wa Leeds kati ya 1847 na 1852. Marshall akajenga ukuta wa kuzuia maji kwenye kiziwa cha chini. Maji yakapanda, viziwa vitatu vikawa ziwa moja, na vilima vilivyosalia juu ya maji vikawa visiwa. Akapanua mashamba ya misonobari na lachi kuuzunguka ukingo. Uzuri uliomsimamisha mtembezi njiani ulikuwa umechorwa, ukagharimiwa na kujengwa.

Kejeli inazidi mtu akizisoma nathari za Wordsworth. Katika kitabu chake cha kuwaongoza wageni katika eneo la maziwa, ambacho toleo lake la tano lilitoka mwaka 1835, alilalamika vikali kuhusu matajiri waliokuwa wakipanda lachi kwenye miteremko ya milima ile. Kwake lachi ulikuwa mti wa kigeni, usiokuwa na adabu ya mahali. Leo watu husafiri mbali kuja kuona lachi zikigeuka dhahabu katika nchi ambayo wanaiita nchi ya Wordsworth.

Wala Marshall hakuwa mtu baki kwa familia ya mshairi. Mama yake, Jane Pollard, alikuwa rafiki wa utotoni wa Dorothy Wordsworth, na barua nyingi za ujana wa Dorothy aliandikiwa yeye. Jane aliolewa mwaka 1795 na John Marshall wa Leeds, mwenye viwanda vya kusokota nyuzi za kitani. James alizaliwa mwaka 1802, mwaka ule ule wa maua ya Ullswater. Utajiri wa ukoo huo ulitoka katika viwanda ambamo, kama ilivyokuwa desturi ya biashara ya kitani wakati huo, watoto walikuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi. Kiwanda chao kilichojengwa Leeds kuanzia mwaka 1838 kilipewa sura ya hekalu la Misri ya kale, na juu ya paa lake palipandwa nyasi ili hewa ya ndani ibaki na unyevu na nyuzi zisikauke zikakatika. Inasimuliwa kwamba kondoo walipelekwa juu ya paa hilo kulisha nyasi. Basi Afrika ilikuwa imekwisha kuingia katika hadithi hii kabla mtembezi hajafika na koti lake la kuazima: iliingia kama nguzo za hekalu, bila watu wake.

Zingatia pia hatima tofauti za kuta mbili za maji. Mwaka 1879 Bunge la Uingereza liliuruhusu mji wa Manchester kuligeuza ziwa la Thirlmere, lililo katika milima hiyo hiyo, kuwa hodhi la maji ya mji. Watetezi wa mandhari, John Ruskin akiwamo, walikuwa wamepiga kelele kwamba uzuri unaharibiwa. Mradi ukaendelea, na mwaka 1894 maji yakafika Manchester. Ukuta wa Thirlmere ulikuwa na kazi ya kuwanywesha watu wa viwandani, nao ulipingwa na bado unakumbukwa kama jeraha. Ukuta wa Tarn Hows haukuwa na kazi ya kumnywesha mtu; kazi yake kuu ilikuwa kupendeza, na umesahaulika kabisa. Hapa ipo kanuni inayomhusu mhakiki moja kwa moja. Ufundi unaokiri kazi yake hushtakiwa kwa kuivuruga asili. Ufundi unaoificha kazi yake hupewa jina la asili.

Mtembezi alipofika ncha ya kaskazini, ambako ardhi ni tepetepe na maji huingia ziwani kwa siri kupitia nyasi ndefu, viatu vyake vilishindwa. Aliketi juu ya jiwe, soksi zikiwa zimelowa, akajiuliza kama furaha aliyoipata nusu saa iliyopita ilikuwa ya haki.

Yapo majibu mawili mepesi. La kwanza ni la mhakiki anayefichua: ziwa ni la uongo, limejengwa kwa fedha za jasho la watoto juu ya malisho ya maskini, kwa hiyo atakayelisifu ni mshirika wa dhuluma. Jibu hili lina ukweli ndani yake, na msomaji wa Kenya analitambua haraka, kwa kuwa naye anajua historia ya ardhi iliyokuwa ya wengi ikaishia katika hati ya mmoja. Hata hivyo, linashindwa kueleza kwa nini mtembezi alisimama kabla ya kujua lolote. Jibu la pili ni la mpenda sanaa: historia haina uzito, uzuri ni uzuri, maji hayaulizwi kabila. Jibu hili nalo linawaacha nje wale waliochunga kondoo pale kabla ya 1862. Waliokuwa na haki ya malisho hawakuacha shairi linalokaririwa Nairobi wala Dar es Salaam. Kitu pekee walichokiacha ni hicho kilichozama.

Mgogoro huu si mgeni katika uhakiki wa Kiswahili. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, akafafanua vina, mizani, beti na vipande kwa usahihi ambao vizazi vya wanafunzi vimeutegemea. Miaka ishirini baadaye, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe kilichozungukwa na ziwa kubwa kuliko yote Afrika, alitoa diwani ya Kichomi yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mjadala uliozuka ulidumu miaka mingi, na ulikuwa mkali kwa sababu kila upande uliamini kwamba unailinda asili. Wanamapokeo walisema ushairi wa Kiswahili bila vina na mizani ni maiti isiyo na uti wa mgongo. Wanamabadiliko walijibu kwamba vifungo hivyo vinainyonga sauti. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alirudi kwenye bahari za kale za ushairi wa pwani, akaonyesha kwamba tungo za Waswahili ni pana kuliko bahari moja ya shairi la mishororo minne.

Ikiwa somo la Tarn Hows lina faida yoyote kwa mjadala huo, ni hili: viziwa vilikuwa vingi kabla ya ukuta mmoja kuviunganisha. Shairi la mizani kumi na sita na vina viwili ni ziwa zuri, na hakuna anayepaswa kulibomoa. Lakini kulisimamia kana kwamba lilichimbwa na Mungu siku ya kwanza ni kuwasahau mafundi walioujenga ukuta, na pia ni kuzisahau tungo zilizofunikwa na maji yalipopanda. Tumbuizo na nyimbo za kazini ambazo hazikuingia katika sheria hazikuwa matope. Yalikuwa malisho ya watu. Vivyo hivyo, anayeandika shairi huru asijidanganye kwamba amerudi kwenye asili isiyoguswa; naye amejenga ukuta, ila ameuweka mahali pengine, na siku moja utaota nyasi.

Kwa mtazamo huo waraka wa Nairobi wa Oktoba 1968 unasomeka upya. Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza kuivunja Idara ya Kiingereza na kuiweka fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, katikati ya masomo, hawakudai kwamba maziwa ya Wordsworth hayana thamani. Walichokikataa ni ziwa moja la mbali kufanywa kipimo cha maji yote. Mwanafunzi aliyekariri maua asiyoyajua hakudhulumiwa na maua. Alidhulumiwa na ukimya wa mwalimu ambaye hakumwambia kwamba ua lile lina mahali, lina tarehe, lina dada aliyeliona kwanza, na kwamba mjakaranda unaoutia Nairobi zambarau kila Oktoba nao ulipandwa na mtu, maana kwao ni Amerika ya Kusini. Angeambiwa hayo, angelisoma shairi lile akiwa sawa na mtunzi wake, fundi anayemtazama fundi.

Mtembezi alivaa viatu, akaendelea kuteremka upande wa magharibi. Kondoo wa milimani, wenye manyoya ya kijivu, walikuwa wakilisha mteremkoni bila kujali mvua. Huenda wangekuwa wamekwisha kutoweka katika mashamba mengi ya eneo lile kama si juhudi za wafugaji kama Bi. Heelis wa Sawrey, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Beatrix Potter, mtunzi wa hadithi za watoto. Mwaka 1930 aliununua uwanja wa ukoo wa Marshall, ekari kama 4,000, kisha akaiuzia Taasisi ya Hifadhi ya Taifa, iliyoasisiwa mwaka 1895, nusu yenye ziwa. Sehemu aliyobaki nayo aliiachia taasisi hiyo katika wasia wake alipofariki mwaka 1943. Kwa hiyo ardhi iliyokuwa ya wote, kisha ya mmoja, imekuwa tena ya wote kwa namna fulani: kila mtu anaruhusiwa kupita na kutazama. Lakini kutazama si kuchunga. Haki iliyorudishwa ni ya macho, na haki iliyochukuliwa ilikuwa ya tumbo. Mhakiki hana budi kuzitaja zote mbili, asiiache moja ikaimeza nyingine.

Mwisho wa matembezi ndipo ulipo ukuta. Si mkubwa. Mtu asiyeambiwa huupita akidhani ni sehemu ya njia, kwa kuwa majani yameshika juu yake na mawe yamevaa ukijani. Hapo maji hutoka ziwani, yakajitupa ndani ya korongo la Tom Gill na kuteremka kwa maporomoko madogo madogo kuelekea bonde la Coniston. Kelele za maji hayo husikika kabla ya kuonekana, na ndizo zinazoifichua siri ambayo ziwa lenyewe huificha. Ziwa limetulia kwa sababu hapa limezuiwa.

Mtembezi alisimama juu ya ukuta muda mrefu kuliko alivyosimama mahali pengine popote siku ile. Sindano za lachi zilikuwa zikielea hadi ukingoni, zikasita, kisha zikavutwa chini. Baada ya kuyajua yote hayo, alilitazama ziwa tena, kwa shaka ya mtu anayeusoma upya ubeti alioupenda utotoni ili aone kama bado unasimama. Visiwa vilikuwa mahali pake. Rangi ya bizari ilikuwa ile ile majini. Uzuri haukuondoka, ulikuwa umepata mtunzi, na chini ya mtunzi walikuwapo watu wengine wasiotajwa. Mvua ilizidi. Akafunga vifungo vya koti, akashika njia ya Hawkshead, akijaribu njiani kuisema sentensi moja ya Kiswahili ambayo ingeweza kubeba ziwa na malisho kwa pamoja. Alipofika kijijini alikuwa na nusu yake.